Msitupimie njia kwa kilomita peke yake

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa safari wa Jumamosi iliyopita, ule wa njia nyepesi za kutembea kwa miguu kati ya mashamba na miji mikongwe ya Ulaya, na nilifurahi kuuona. Kwa muda mrefu gazeti lako likizungumzia kutembea basi ni habari za watu waliovaa kama wanakwenda mwezini, wanaoning'inia kwenye kamba juu ya barafu. Sisi tunaotaka kutoka mji mmoja asubuhi, tupite mashambani, tuingie mji mwingine jioni tukiwa bado na pumzi ya kupiga soga, hatukuwa na wa kutuandikia. Kwa hilo, asanteni.

Lakini orodha yenyewe mmeipanga kwa kilomita. Fupi mmeiweka juu mkaiita nyepesi kuliko zote, ndefu mmeisukuma chini. Na iliyoshika nafasi ya kwanza ni ile ya Monterosso hadi Vernazza, katika vijiji vya Cinque Terre vya pwani ya Italia: chini ya kilomita 4, mmeandika, inafaa hata kwa wazee. Namuuliza mwandishi wenu kwa heshima zote: ameipita? Maana mimi nimeipita, nikiwa na shoga yangu niliyefanya naye kazi miaka mingi, na hakuna kati yetu aliye mgeni wa kutembea.

Njia ile inaanza kupanda hujamaliza hata kukaza kamba za viatu. Ni ngazi za mawe, na hakuna kidato kinacholingana na mwenzake: kimoja kinaishia kwenye kifundo cha mguu, kinachofuata kinakuja karibu na goti, cha tatu kimelika katikati na kinang'aa kwa kukanyagwa. Upande mmoja una ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji, wa kuzuia udongo wa mizabibu. Upande wa pili una hewa, na bahari chini kabisa. Panapobana, njia ni ya mtu mmoja, na mkikutana na kundi linalotoka mbele mnabandika migongo ukutani ili wapite. Tulipoanza kushuka kuelekea Vernazza shoga yangu aligeuka akawa anashuka kinyumenyume, mikono miwili juu ya mawe, huku vijana wakimpita na kumwamkia. Vernazza ni mzuri, siunyimi haki yake, pamoja na mnara wake na kanisa lililojengwa ukingoni kabisa mwa maji. Ila tuliutazama tukiwa tumekaa. Hakuna aliyependekeza tuendelee kwa miguu hadi kijiji kinachofuata.

Na msomaji wenu atakayeshuka treni Corniglia akidhani ameziepuka ngazi, atazikuta zinamngoja. Corniglia ni kijiji pekee kati ya vile vitano kilicho juu ya jabali, na kutoka stesheni unapanda ngazi inayoitwa Lardarina, yenye vidato zaidi ya 370. Kuna kibasi kidogo cha kupandisha watu. Hicho hamkukitaja. Mlichotaja ni kwamba Via dell'Amore, kipande cha kati ya Riomaggiore na Manarola, kimefungwa. Hiyo ni habari iliyopitwa. Kilifungwa mwaka 2012 mawe yalipoporomoka na kuumiza watalii, na kilifunguliwa tena mwaka 2024, ingawa sasa unalipia na unashauriwa kuweka nafasi mapema. Hakifiki kilomita moja na ni tambarare. Kama ni wazee, hapo ndipo mngewapeleka, halafu treni ifanye kazi iliyobaki.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, miaka mingi nikiwa Uingereza, kwa hiyo mtanisamehe nikisema kidogo juu ya magoti. Kupanda kunachosha moyo na mapafu. Unasimama, unahema, unaendelea. Kushuka ndiko kunakoliumiza goti, kwa sababu msuli mkubwa wa paja unageuka kuwa breki: unarefuka huku umekaza, na kila hatua uzito wa mwili unatua juu ya goti lililokunjwa. Mgonjwa wa goti hukwambia mwenyewe, muuguzi, ngazi kupanda najikaza, kushuka ndiyo taabu. Mtu kama huyo ukimwambia njia ina kilomita 4 hujamwambia kitu. Mwambie inashuka mita ngapi, inashuka kwa ghafla au pole pole, na kama pana pa kushika.

Sasa basi, mwandishi wenu atajuaje kabla hajafika? Kuna swali moja ambalo limenisaidia kuliko ramani nyingi: njia hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani? Ile ya Monterosso walitengeneza wakulima wa mizabibu, kwa ajili ya miguu yao wenyewe iliyozoea majabali tangu utotoni, wakibeba makapu. Hawakuwa na haja ya kuirahisisha. Ile Via dell'Amore ilianza kama njia ya wafanyakazi wa reli, na ndiyo maana inakwenda sawa na reli. Mambo mengi ya wepesi na ugumu wa njia yamo katika jibu la swali hilo.

Chukueni mfereji wa Kennet na Avon, kusini mwa Uingereza. Unatoka Reading hadi Bristol, kilomita 140, na mhandisi wake alikuwa John Rennie. Ulikamilika mwaka 1810, wakati mzigo mzito ulisafiri kwa mashua na mashua ilivutwa na farasi aliyetembea ukingoni. Huyo farasi ndiye wa kumshukuru. Farasi anayevuta tani za makaa ya mawe huwezi kumpa ngazi, huwezi kumpa kilima, wala kijia cha upana wa mtu mmoja. Maji nayo hayakubali kutulia kwenye mteremko. Basi njia ya farasi ikawa bapa, pana ya kutosha, ikizunguka vilima chini chini badala ya kuvikwea. Hata pale Devizes, ambapo mfereji unalazimika kupanda kwa milango 29 ya kuinulia mashua, mwinuko wote ni mita 72 zilizotawanywa katika kilomita 3 na ushee.

Kati ya Bradford on Avon na Bath hakuna hata huo. Kwa takriban kilomita 15 mfereji hauna mlango hata mmoja, maana yake maji yako kimo kimoja mwanzo hadi mwisho, na wewe uko papo hapo kando yake. Katika orodha yenu njia hii ni ya mwisho, kwa sababu ya hizo 15. Mimi nimeipita nikiwa na goti lililofungwa bandeji, nikiongozana na mzee wangu ambaye kwa kawaida akiona kitu kinaitwa matembezi hutafuta gazeti la kusoma. Alifika Bath kabla yangu.

Anzeni Bradford wenyewe, maana mji huu haufai kupitwa mbio. Kwenye daraja la katikati ya mji kuna kijumba cha mawe kilichogeuzwa mahabusu ya walevi na wakorofi, juu kabisa kimewekwa samaki wa kuonyesha upande wa upepo. Kuna kanisa dogo la Wasaksoni lililosahauliwa hadi likawa sehemu shule, sehemu nyumba ya kuishi, na kasisi wa mji ndiye aliyelitambua upya katika miaka ya 1850. Na hatua chache kutoka mferejini kuna ghala la karne ya 14 lililokuwa mali ya masista wa abasia ya Shaftesbury, la kuwekea mazao ya mashamba yao. Ingieni mle ndani muinue macho. Mbao za paa zimeinama na kukutana juu kabisa, na kutoka ukuta wa mwanzo hadi wa mwisho ghala linapita mita 50. Panatoa harufu ya vumbi kavu na mbao za kale, na sauti yako inakurudia.

Halafu ndipo mnashika njia. Kwenye madaraja ya zamani, tazameni pembe za chini upande wa njia ya farasi. Kamba za kuvutia mashua zimezisugua miaka na miaka mpaka zikachimba mifuo. Tia kidole uone kinavyozama. Mimi husimama kwenye kila daraja kutafuta mifuo hiyo, na mzee wangu ameshazoea, huendelea mbele akaningojea kwenye benchi. Pale Avoncliff mfereji wote, maji na mashua zake, unavuka mto Avon juu ya daraja la mawe. Mbele kidogo unavuka tena mto huo huo juu ya daraja la Dundas, lililomalizika mwaka 1805. Ukisimama hapo unaona mashua ikipita usawa wa miguu yako, treni inapita chini yake, na mto uko chini zaidi. Claverton kuna nyumba ya pampu ya mwaka 1813: mto uliendesha gurudumu, gurudumu likasukuma maji ya mto huo huo kupanda hadi mferejini. Hakuna makaa ya mawe yaliyochomwa kwa kazi hiyo. Siku wanapoiwasha kwa maonyesho, mtu apange kukaa hapo muda mrefu kuliko anavyodhani.

Kuingia Bath kwa njia hii ni raha ya aina yake, kwa sababu huingii kupitia gereji na maegesho kama waingiavyo watu wa magari. Unapita katikati ya bustani za Sydney, chini ya madaraja mawili ya chuma ya mwaka 1800, kisha chini ya Cleveland House, nyumba iliyojengwa juu ya mfereji wenyewe. Ndani ya handaki lake, darini, kuna tundu. Inasemekana karani alikuwa akipitishia hati hapo kwa mabaharia waliokuwa chini. Baada ya hapo ni mji wenyewe, na zile chemchemi za maji ya moto ya nyuzi 46 ambazo Warumi walizijengea mabwawa yao.

Jambo jingine ambalo kilomita haziwezi kusema: njiani kuna stesheni Avoncliff, jirani tu na njia, na nyingine Freshford, si mbali. Goti likigoma, siku haijaharibika; unapanda treni. Mtu wa rika langu anaweza kuijaribu njia ya kilomita 15 yenye pa kutokea hapa na pale. Ile ya kilomita 4 isiyo na pa kutokea, ukiianza ndiyo umeianza. Sitaki kuwadanganya kwamba mfereji hauna kero. Baiskeli zinakuja nyuma yako kimya kimya na kengele inapigwa mtu akiwa tayari begani mwako. Majira ya baridi kuna madimbwi, na moshi wa majiko ya mashua unakaa chini chini. Hivyo navyo viandikwe.

Farasi akiisha, fikirieni treni. Treni ya moshi haikupenda mteremko unaozidi mita 2 au 3 kwa kila mita 100, kwa hiyo reli iliyong'olewa huacha nyuma yake njia ambayo hata mwenye kiti cha magurudumu anaipita. Hispania tangu mwaka 1993 wamezigeuza reli zao za zamani kuwa njia za watembeaji na baiskeli, zaidi ya kilomita 3,000 sasa. Kule Derbyshire, Uingereza, kuna njia ya Monsal, karibu kilomita 14 juu ya reli iliyofungwa mwaka 1968, inayopita katika mahandaki yenye taa yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2011. Mahandaki hayo yana baridi hata jua likiwaka nje, chukueni sweta. Kusema kweli mimi njia za reli zinanichosha macho kidogo, zimenyooka mno, na mwenye kuchora reli hakujali kama mji uko mbali. Stesheni ya zamani ya Bakewell iko juu ya mji, kwa hiyo ukitaka mji wenyewe lazima ushuke, na baadaye uupande mlima ule ule. Lakini kwa mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga, anayejifunza upya kuamini mguu wake, sijui njia iliyo bora kuliko hizi.

Njia za mahujaji ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo orodha yenu imenishangaza kwa mara ya pili. Mmeiweka ile ya Hispania, ya kutoka Sarria hadi Santiago de Compostela, kilomita kama 115, katika kundi la wastani, na sababu mliyoitoa ni urefu. Hujaji hakutengenezewa njia na mtu aliyemhurumia. Alifuata vijiji, makanisa na vivuko, na kilima kikiwa katikati alikipanda akakishuka. Mwinuko wa huko si mkali. Watu wengi wa umri wangu wanaupita. Kinachowamaliza ni siku ya kwanza, kilomita 22 hadi Portomarín, ambayo mwisho wake ni mteremko wa kwenda mtoni, mkali, goti likiwa limeshachoka. Ukivuka daraja refu unadhani umefika. Mbele yako imesimama ngazi ya mawe.

Mji huo una kisa chake. Portomarín ya zamani imelala chini ya maji ya bwawa la Belesar lililojengwa miaka ya 1960, na kabla maji hayajapanda watu walilibomoa kanisa lao jiwe kwa jiwe, wakayapa mawe namba, wakalisimamisha upya juu mlimani. Baadhi ya namba zinaonekana mpaka leo. Nilizitafuta nikiwa nimevua viatu, uwanja wa mbele ya kanisa umejaa watu wanaopaka dawa malengelenge. Maji yakipungua, mabaki ya mji wa zamani hujitokeza bondeni.

Mwandishi wenu ameandika pia kwamba hujaji wa kweli hubeba mzigo wake mwenyewe. Nani kamwambia? Kwenye ofisi ya mahujaji Santiago wanachotaka kuona ni kitabu chako chenye mihuri, miwili kwa kila siku katika kilomita 100 za mwisho, ikiwa umekwenda kwa miguu. Hakuna anayepima mgongo wako. Kuna watu wa kukubebea begi kwa gari hadi unakolala, na nimewaona wazee waliokwenda na chupa ya maji na fimbo mbili wakafika wakiwa wazima, wakati vijana wenye mizigo ya kilo nyingi wako kwenye foleni ya duka la dawa. Fimbo mbili, nasisitiza, zile za kurefusha na kufupisha: ndefu kidogo unaposhuka, fupi kidogo unapopanda. Zinagawana uzito na goti. Na ile mishale ya njano inayokuonyesha njia, ambayo mmeisifu bila kusema imetoka wapi, ilianza kupakwa katika miaka ya 1980 na padri wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, aliyezunguka na rangi yake ili watu wasipotee.

Kama mnataka mfano wa jinsi ya kumwambia mtu ukweli wa njia, nendeni Uswisi. Kule vibao vya njano vya njia za miguu haviandiki kilomita. Vinaandika muda: mji fulani, saa moja na dakika 20. Muda huo umekokotolewa kwa mtu anayetembea kilomita 4.2 kwa saa kwenye tambarare, kisha wakazingatia kupanda na kushuka. Rangi nayo inasema jambo: njano tupu ni njia ya kila mtu, nyeupe na nyekundu ni ya milimani, nyeupe na buluu ni ya wenye uzoefu na vifaa. Mtandao wote una kilomita 65,000 hivi, na mwaka 1979 wananchi walipiga kura kuziingiza njia za miguu katika katiba yao. Hawa ni watu wanaoishi na milima, wanajua kilomita moja ya huku si sawa na kilomita moja ya kule. Nilipita kwa vibao hivyo katika mashamba ya mizabibu ya Lavaux, juu ya ziwa Geneva, kutoka Saint-Saphorin hadi Lutry, kama kilomita 11. Matuta yale yalianza kuchongwa na watawa karne ya 11 na njia nyingi kati yake zimewekwa lami kwa ajili ya wakulima, kwa hiyo mguu unajua unapokanyaga. Kivuli ni kidogo mno. Mchana wa majira ya joto kuta za mawe zinakurudishia jua usoni, na ndiyo sababu zabibu zinapenda pale na mimi nilipenda kidogo tu. Chini yako lakini kuna stesheni kila baada ya kijiji kimoja au viwili.

Kwa msiotaka kungoja vibao vya Waswisi, iko kanuni ya Mskoti mmoja, William Naismith, ya mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Naismith alikuwa mtu wa milimani mwenye miguu yake mizima, na hakusema lolote juu ya kushuka. Mwenye goti aongeze la kwake.

Niguse pia vilima vya Cotswold, Uingereza, kwa kuwa picha yenu kubwa ilikuwa ya huko. Njia ya Cotswold Way ina kilomita 164, kutoka Chipping Campden hadi Bath, na alama yake ni tunda la mwaloni. Kipande cha kwanza, hadi kijiji cha Broadway, ni kama kilomita 10, na nakubali kwamba kinastahili sifa zote: soko la mawe la mwaka 1627 lenye sakafu iliyolika, nyumba za rangi ya asali, kondoo pande zote. Ila kutoka mnara wa Broadway hadi kijijini unashuka mteremko mrefu wa majani, ambao mvua ikinyesha unateleza vibaya. Na kwenye njia nyingi za mashambani kule kuna vile vingazi vya mbao vya kuvukia uzio: unapanda ubao, unainua mguu juu, unatafuta ubao wa upande wa pili kwa unyayo, mikono imeshika nguzo yenye ukungu. Kwa kijana ni mchezo. Nimewahi kumhudumia wodini mama aliyeteguka nyonga kwenye kimoja, na hakuwa anatembea umbali wa maana. Siku hizi vingi vinabadilishwa kuwa mageti, na wenye kuandika juu ya njia za kule wana desturi nzuri ya kusema vingazi viko vingapi. Ninyi hamkusema.

Mngeweza pia kumtoa hofu msomaji kuhusu kupita katika shamba la mtu. Uingereza na Wales kuna kilomita kama 225,000 za njia ambazo umma una haki ya kuzipita kisheria, na tangu sheria ya mwaka 1949 halmashauri zinatakiwa kuzichora kwenye ramani rasmi. Mkulima akiilima njia inayokata shamba lake ana siku 14 za kuirudisha ipitike. Kwa hiyo ukiona kibao cha njia ya umma kimeelekea moja kwa moja katikati ya ngano, ingia. Mara ya kwanza nilisimama pale nikisubiri mtu anifukuze, akaja mwenye shamba, akaniambia geti la mbele lisukumwe kwa nguvu maana limekaza.

Ombi langu ni hili, Mhariri. Toleo lijalo, kando ya kila njia, andikeni inapanda na kushuka mita ngapi, chini pana nini, lami au mawe au matope, ngazi na vingazi kama vipo, stesheni au kituo cha basi cha karibu kiko wapi katikati ya njia, na vyoo. Naam, vyoo; nashangaa wanaume wanaoandika kurasa za safari jinsi wasivyovikumbuka. Andikeni pia muda, si wa kijana wenu wa ofisini, wa mtu anayesimama kutazama. Hayo yakiingia, kilomita mnaweza kuziweka mwisho kabisa kwa maandishi madogo.

Nina daftari la njia nilizopita, zimeandikwa hivyo hivyo, ngazi na mabenchi yote yamo. Mwandishi wenu akilitaka niko radhi kumwazima, malipo sihitaji. Alirudishe tu kwa wakati, kuna kipande cha Via Francigena, ile njia ya mahujaji wa kwenda Roma, huko Toscana nataka kukipita, na mzee wangu kwa mara ya kwanza ameuliza mwenyewe tunaondoka lini.

Wako katika kutembea,

Muuguzi mstaafu, wodi ya mifupa